Kamba ya Komanda

Riziki mwanangu, wewe niliyekupa jina la mama yangu,

Mmetoka na mama yako kwenda mtaa wa Misiera kuaga watu, na kwa ninavyomjua mama yako hamtarudi mapema. Atasimama mbele ya kila duka. Kwa hiyo mchana huu wote wa Jumapili ni wangu. Nina kalamu, na nina karatasi nilizozichana katikati ya daftari lako jipya. Utanisamehe, sikuona nyingine zenye mistari. Nimekaa kwenye kigoda hapa mlangoni. Yule mbwa wa kahawia aliyeletwa juzi amelalia ndara yangu ya kushoto na ameshaitafuna nusu. Nimemwacha, kwa sababu nikimfukuza atabweka, na akibweka wenzake watamjibu, nami sitaandika hata neno moja.

Habari za sabuni, chandarua na namna ya kuficha nauli, mama yako ameshakuambia, nyingine mara tatu. Sina la kuongeza hapo. Kesho saa moja asubuhi unapanda gari la Mbarara kwenda kusoma kozi yako ya afya ya wanyama, na kufanya kazi kwa Daktari Kembabazi katika ile nyumba yake ya kupokea wanyama waliotupwa. Haya yote unayajua kuliko mimi.

Mimi nina neno moja tu la kukuambia, na hilo nalo unalijua, maana wewe ndiye uliyelileta katika nyumba hii. Kila anayetuachia mnyama wake lazima alitamke kwa mdomo wake kabla hajatupa mgongo. Nimewasimamia watu wengi wakilitamka, wengine wakilia, nami nikiwahimiza kama fundi anayeijua kazi yake. Wiki hii nzima nimejaribu kukuambia wewe neno hilohilo, nikashindwa. Juzi nilikuita nyuma ya nyumba, ukaja, nikakuuliza kama kuku wamekula. Kuku walikuwa wanakula mbele yetu.

Basi naandika. Lakini siwezi kulifikia neno hilo bila kwanza kukuambia makosa yangu, na bila kukushukuru. Vitu hivi viwili kwangu vimechanganyika, havitoki kimoja kimoja.

Nianze na Komanda, kwa kuwa ndiye wa kwanza.

Unawakumbuka jirani zetu Warundi, Mama Zawadi na mumewe. Walipopata safari ya kwenda kuishi ng'ambo, wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Siku moja kabla hawajaondoka Mama Zawadi alikuja na mbwa wao mwekundu mwenye kifua cheupe, amemfunga kamba ya katani. Yule mbwa alikuwa mpole, ila jina lake lilitusumbua. Ukisimama uani jioni ukaita "Komanda! Komanda!" wanaume wawili watatu waliingia ndani wakafunga milango. Watu waliotoka walikotoka hawapendi kusikia komanda anaitwa.

Mama Zawadi alinikabidhi kamba, akasema, "Baba Riziki, mutulindie Komanda mpaka tutarudi."

Hakuna aliyekuwa anarudi. Yeye alijua, mimi nilijua, hata mwanawe mdogo alijua, ndiyo maana alikuwa amejificha nyuma ya mama yake. Lakini nikaitikia, nikasema nitamlinda, na nikaichukua ile kauli kama ilivyo.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikuwahi kukueleza. Kwetu milimani, mtu akikuwekea ng'ombe umlindie, ng'ombe huyo si wako na huwezi kumfanya wako. Humuuzi. Humpi mtu mwingine. Akifa, unambebea mwenyewe ngozi ili aione kwa macho yake. Siku tuliyokimbia vita nilikuwa na ng'ombe wawili wa rafiki yangu. Nilifungua zizi, nikakupandisha wewe begani, nikapita. Tulipofika Kabazana, pale wanapopokelewa wakimbizi, nikamkuta rafiki yangu ametutangulia, yumo katika mstari wa kuandikishwa. Akaniuliza habari za mama yako. Akaniuliza habari zako, akakushika kichwa. Habari za ng'ombe hakuniuliza, siku ile wala siku nyingine yoyote. Afadhali angeniuliza.

Kwa hiyo Mama Zawadi aliponipa ile kamba, niliona nimepewa nafasi ya pili. Nikajiapia kwamba huyu sitampoteza. Ndiyo sababu nilimfunga. Kila nikimfungulia alikimbilia nyumba yao ya zamani, anakaa mlangoni, na wageni waliopewa ile nyumba wanamtupia mawe. Nilimfunga kwenye nguzo ya banda asubuhi, mchana na usiku. Aliacha kula. Alipokuwa anavuta, kamba ilimkata shingo, na kidonda kikaanza kunuka.

Wewe ndiye uliyekuwa unamwosha kwa maji ya chumvi kila ukitoka shule. Mimi nilikuwa napita pembeni najifanya natafuta jembe. Siku moja ukainua uso ukaniambia, "Baba, ile kamba inamukata mu shingo. Mama Zawadi hakusema tumufunge. Alisema tumulinde."

Nikakujibu kwamba wewe ni mtoto, mambo ya watu wakubwa huyajui. Niliyatumia maneno hayo mara nyingi miaka ile, na kila mara yalinitoka pale nilipokuwa sina jibu.

Ndipo akaja Mzee Karuhanga. Yule wa Bwizibwera, mwenye pikapu ya kubeba maziwa, ambaye siku hizo alikuwa anakuja hapa kambini Nakivale kutafuta mitamba ya kununua. Alimwona Komanda akasimama. Alimshika taya, akamtazama meno, akamtazama na kidonda.

"Mzee, hii mbwa wewe nafunga kwa nini?" akaniuliza. "Mimi nataka yeye. Kwangu iko ng'ombe, iko maziwa, iko geti. Atatembea."

Nikamwambia mbwa si wangu. Akarudi wiki ya pili, nikamwambia vilevile. Akacheka, akasema, "Kale, ssebo, haya bwana, kama nakataa, nakataa," akawasha gari. Nilijiona mtu mwaminifu sana. Nilikaa chini nikanywa chai yangu kwa raha, na mbwa wa watu anakufa taratibu hatua sita kutoka kwenye kikombe changu.

Unajua ulichofanya baada ya hapo. Ulichukua simu yangu nikiwa shambani, ukaitafuta namba ya Mama Zawadi, ukamtumia ujumbe wa sauti. Nilipogundua, nilikuja mpaka kwenye mazoezi ya kwaya, nikakuita mwizi mbele ya watoto wa kanisa. Nilisema kwa sauti kubwa. Wewe hukulia. Uliweka kitabu cha nyimbo kwenye benchi, ukanifuata nyumbani ukiwa nyuma yangu njia nzima. Sijakuomba msamaha wa siku ile hata mara moja. Nakuomba sasa, na najua nimechelewa miaka saba. Hukuwa mwizi. Ulikuwa unafanya kazi ambayo baba yako aliiogopa.

Jibu lilikuja kesho yake. Tuliweka simu juu ya kigoda hikihiki, mama yako, wewe na mimi, tukasikiliza. Mama Zawadi alikuwa analia tangu neno la kwanza. "Baba Riziki, mimi niliona haya. Nilisema mulinde sababu nilishindwa kusema namuacha. Mimi sitarudi. Huku iko baridi, na watoto wameanza shule, sitarudi. Weka simu karibu na Komanda." Tukaisogeza simu. Ikasema, "Komanda, nimekuachilia. Umesikia? Nimekuachilia. Nenda."

Komanda alisimama. Akaizunguka simu, akaenda kutazama nyuma ya kigoda, akatazama nyuma ya mama yako, akarudi akainusa simu tena. Wewe ulimfungua kamba wewe mwenyewe, hukuniuliza. Akatoka mpaka njiani, tukadhani anakwenda kwenye ile nyumba yao ya zamani. Hakwenda. Alikojoa kwenye mgomba wa jirani, akarudi, akala ugali wote uliokuwa kwenye sahani yake na uliokuwa kwenye sahani yangu.

Jumamosi Mzee Karuhanga akamchukua. Aliondoka amesimama katikati ya madumu ya maziwa, masikio yanapepea, hakugeuka nyuma. Ile kamba ikabaki mkononi mwangu. Nikaitundika kwenye msumari juu ya mlango, na ikaning'inia hapo miaka yote hii. Ulikuwa ukiniuliza inafanya nini pale, nami nikikujibu kwamba kamba haitupwi.

Baada ya hapo habari zikatembea. Waliopata safari wakaanza kusema, peleka kwa Baba Riziki, kule mbwa wanapita, wanatafutiwa watu wapya. Nikawa na jina kwa kazi ambayo ni yako. Wewe ndiye uliyeweka sharti kwamba anayeondoka aseme mwenyewe, amtazame mnyama, asitume mtu. Mimi nililiona sharti la kitoto. Halafu akaja yule mzee Msomali na paka wake ndani ya boksi la sabuni. Unamkumbuka? Alikuwa mtu mkavu, hajatabasamu tangu kuingia. Ulipomweleza sharti akakasirika, akasema paka ni paka. Ukamwambia tu kwa upole, "Mzee, bila hivyo hatuwezi kumupokea." Akaketi chini kwenye vumbi na kanzu yake safi, akaweka boksi mapajani, akasema kwa lugha yao maneno ambayo hatukuyaelewa. Alisema muda mrefu mno. Mama yako alizima jiko mara mbili. Alipoinuka alikushika mkono wako kwa mikono yake miwili, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba kutafuta jembe.

Asante kwa siku ile. Nilikuwa sijawahi kuwaza kwamba mtu anayeacha naye anahitaji kuachiliwa.

Nikuambie na kosa la pili, la yule mbwa jike mwenye madoa na watoto wake wawili. Lile ni langu peke yangu. Wewe ulikuwa kwenye mitihani. Akaja shemasi mmoja kutoka mtaa wa pili, koti limepigwa pasi, anaomba mbwa wa kulinda duka. Kila mara wewe unakwenda kwanza kuona anakoishi mtu, unatazama kivuli kiko wapi, maji yako wapi, na kama watoto wa pale wanakimbia wakiona mbwa au wanamkaribia. Mimi niliona ni aibu kumkagua shemasi. Nikampa siku ileile. Wiki mbili baadaye ulimkuta nyuma ya duka amefungwa mnyororo juani, sufuria ya maji imekauka, mtoto wake mmoja hayupo. Ulirudi naye kwa miguu, jua kali, umembeba na yule mdogo aliyebaki. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Baba, ulitazama koti."

Ni kweli. Nilitazama koti, sikutazama ua. Ukifika Mbarara utakutana na makoti mengi, Riziki. Sina ushauri mkubwa hapo, najua macho yako ni mazuri kuliko yangu. Ninakuomba tu usiache kuyatumia hata kwa mtu anayekupendeza. Hata kwa kijana. Tena hasa kwa kijana. Nenda ukaone maji yako wapi.

Halafu Daktari Kembabazi. Alipokuja mara ya kwanza kuchanja mbwa wa kambi dhidi ya kichaa, alitukuta na mbwa watano na kila mmoja ana ukurasa wake katika lile daftari lako, ile kaye ya bluu. Nilifikiri ataona umeandika uzito na dawa. Akasoma kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha Mbarara: "Huyu naogopa ndoo. Huyu nalala kama nasikia redio. Huyu usimguse mkia, alifungwa mkia na mtu." Akafunga kaye, akakuuliza nani alikufundisha. Ukasema hakuna mtu, unakaa nao tu mpaka wakuambie. Akanigeukia mimi, akasema, "Mzee, huyu msichana ni wangu. Akimaliza shule mimi nakuja kuchukua."

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kwa mdomo.

Sasa nafika mahali pagumu. Naomba usome polepole, na ukikasirika, kasirika. Una haki.

Mwaka jana, wakati tunapalilia mahindi, Daktari alinipigia simu. Alisema, "Nafasi iko. Kozi iko, kitanda iko, kazi iko. Riziki anaweza kuja mwezi hii?" Wewe ulikuwa mistari minne tu kutoka nilipokuwa nimesimama, umeinama, unaimba. Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia mama yako anaumwa sana na hana mtu mwingine wa kumtunza. Mama yako wakati huohuo alikuwa kanisani anaongoza kwaya, na sauti yake ilinifikia pale shambani. Daktari akasema pole sana, akampa mtu mwingine ile nafasi. Nikarudisha simu mfukoni, nikaendelea kupalilia. Uliponiuliza ni nani, nikasema ni mtu amekosea namba.

Kwa hiyo siyo kweli kwamba nafasi ilichelewa kupatikana, kama nilivyokuambia. Ilikuwepo. Mimi ndiye niliyeificha. Wewe nilikuita mwizi kwa dakika tatu za simu, na mimi nimekuibia mwaka mzima.

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi. Nilijiambia wewe bado mdogo. Nilijiambia Mbarara iko mbali, na kwamba mbwa hawa watatushinda bila wewe. Ukweli ni kwamba nilikuwa na woga. Katika vitu vyote nilivyokabidhiwa maishani, wewe ndiye pekee niliyefika naye hapa mzima. Nilikuwa nimejiapia sitakupoteza, na mimi nikijiapia, unajua ninachofanya. Natafuta nguzo ya kufungia.

Mwaka huu Daktari alikuwa na akili, alipiga simu ya mama yako. Akamuuliza kwa huruma kama amepona. Mama yako akasema, "Nimepona nini?" Alinifuata shambani ameishika ile simu mkononi, akasimama mbele yangu, akaniuliza, "Baba Riziki, nilikuwa mugonjwa ya nini? Niambie na mimi nijue." Akasema hatakuambia yeye, nitakuambia mimi mwenyewe, na ananipa wiki moja. Akaondoka. Siku tatu alinipikia bila kunisemesha, na chakula kilikuwa kizuri kuliko kawaida, sijui kwa nini hilo liliniuma zaidi.

Ndani ya wiki hiyo ilikuwa zamu yangu kumpeleka yule mbwa jike mweusi Bwizibwera, kwa jirani wa Mzee Karuhanga. Ulikuwa umeshakwenda kuona ua wake, kilichobaki ni kumfikisha. Nikajiambia nitapita kumsalimu Komanda. Na nitakuambia jambo la aibu. Niliichukua ile kamba kutoka kwenye msumari, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimejipangia kwamba akinililia, akinifuata mpaka barabarani, nitamwomba Mzee Karuhanga anirudishie. Ningepata angalau mmoja anayetaka kubaki nami.

Niliingia getini. Komanda amekuwa mzee, mdomo umekuwa mweupe. Alikuwa amelala kivulini kando ya madumu ya maziwa. Aliinua kichwa, akanusa hewa, akaja mbio kadiri miguu yake inavyoweza. Alinilamba mikono yote miwili, akanizunguka, akalia kile kilio chake chembamba cha furaha. Nikapiga goti. Nikaweka mkono mfukoni. Wakati huohuo pikapu ikapiga honi nje, maziwa ya mchana yamefika. Akaniacha palepale, nimepiga goti, akakimbilia getini kufanya kazi yake. Alipita katikati ya wale vijana wa maziwa, ananusa kila dumu, na kila mmoja alimgusa kichwa akipita.

Nilibaki na mkono mfukoni. Mzee Karuhanga akaja akasimama karibu yangu. "Yeye nakukumbuka sana," akasema. "Lakini sasa yeye ni ya hapa."

Niliumia kidogo, sitakuficha. Halafu, Riziki, nikaanza kufurahi, na furaha ile ilikuja kwa nguvu hata nikakaa chini kabisa. Shingo yake ilikuwa imepona. Manyoya yameota juu ya kovu, usipolijua hulioni. Alikuwa amenijua, alikuwa amenipenda, na hakuwa ananihitaji. Nilimtazama mpaka maziwa yote yakapokelewa. Nikajiambia, mimi nina binti aliyeyafanya haya yawezekane akiwa na miaka kumi na mitatu, na mimi namfichia simu.

Jioni ile nilikuambia nafasi imepatikana. Ulinirukia shingoni, na mimi sikuweza kuongeza kwamba ilikuwepo tangu mwaka jana. Wiki ya mama yako ikaisha. Nikaomba nyingine. Amenipa mpaka leo, na nadhani ndiyo sababu anasimama mbele ya kila duka.

Sasa umejua yote. Na nashukuru, mwanangu. Nashukuru kwamba nilifika na wewe. Nashukuru kwa maji ya chumvi, kwa sauti uliyomtumia Mama Zawadi, kwa sharti lako nililolidharau. Niliingia kambi hii nikijiona mtu aliyepoteza kila alichowekewa. Wewe ulinionyesha kwamba mtu anaweza kupokea kitu, akakitunza vizuri, akakitoa kwa mikono yake mwenyewe, na asiwe amepoteza chochote. Wapo mbwa ishirini na kitu sasa wanaolala vizuri kutoka hapa mpaka Bwizibwera kwa sababu yako. Na yupo mzee mmoja Nakivale ambaye naye amepona shingo.

Usirudi kwa sababu ya kunihurumia. Ukirudi likizo tutafurahi, mama yako atapika, mbwa watakurukia. Ukikaa huko ukapata kwako, tutakuja sisi, na nitakagua ua. Wanyama wa hapa usiwe na wasiwasi nao. Kaye ya bluu umeniachia, nimeshaanza ukurasa wa huyu wa kahawia. Nimeandika: "Anapenda ndara." Mwandiko ni mbaya lakini habari ni ya kweli.

Nawasikia, mko njiani, mama yako anacheka na mtu. Nitaiweka barua hii ndani ya daftari lako, pale nilipochana. Kesho stendi nitajaribu kulisema kwa mdomo, maana sharti ni sharti, lazima anayeachia aseme mwenyewe akimtazama. Lakini unanijua. Huenda nikakuuliza habari za kuku. Ikiwa hivyo, basi lisome hapa, na ulisikie kwa sauti yangu.

Riziki, nimekuachilia. Umesikia? Nimekuachilia. Nenda.

Godoro lako nimelifunga mimi mwenyewe, liko tayari nyuma ya mlango. Kamba niliyolifungia unaifahamu, tazama msumari utaona hauna kitu. Ukifika, ifungue, na usinirudishie.

Baba yako